Fundi wa Kuhamisha

Burulkan alikuwa amepiga magoti uani, simu ameielekeza chini ya boneti, akirekodi sauti ya gari lake. Lilikuwa gari dogo la Kijapani lenye usukani wa kulia, la aina ambayo karibu kila nyumba ya mji wa Kara-Balta inayo, na lilikuwa likigonga kwa ndani, ka-ka-tu, ka-ka-tu, kama kijiko kilichosahauliwa kwenye bakuli la chai. Alisubiri mbwa anyamaze, akarekodi tena, akaiweka ile sauti kwenye soko la mafundi la mtandaoni, kisha akaingia ndani kukanda unga.

Ndivyo watu walivyotengeneza magari yao siku hizo. Unaeleza ubovu, mafundi wanashindana kushusha bei, unamchagua mmoja, anakuja nyumbani na vifaa vyake. Unga haujaumuka, majibu yalikuwa yameshafika. Mafundi wote walitaka kubadilisha bushi isipokuwa mmoja, aitwaye Shergazi. Huyo hakutaja kipuri chochote, na bei yake ilikuwa nusu ya bei za wenzake.

Burulkan hakuipenda bei hiyo. Alikuwa akiuza dawa kwenye duka karibu na stesheni, na alijua kwamba kitu kikiwa rahisi hivyo kuna kinachokosekana ndani ya pakiti. Lakini mume wake alikuwa Urusi akijenga maghorofa ya watu, na fedha alizotuma zilikuwa zimeishia kwenye makaa ya mawe. Akamwita Shergazi.

Alikuja mtu mwembamba mwenye koti safi. Burulkan alimtazama mikono.

"Sijawahi kuona fundi mwenye kucha nyeupe hivi," alimwambia.

"Nanawa, dada."

Hakuwa na spana wala jeki. Aliwasha kifungu cha matawi ya mreteni, akalizunguka gari kwa moshi, akisema kwa sauti ya kawaida, "Hama, hama, hama." Mwisho akapiga boneti kwa kiganja. Sauti ikakatika. Burulkan alimlipa na kumpa nyota nne. Ya tano aliizuia kwa sababu kazi ilikuwa fupi mno.

Siku iliyofuata ile sauti ilisikika upande wa pili wa ukuta, kwenye gari la Gülbarchyn, wifi yake. Burulkan aliitambua papo hapo, kama mtu anavyotambua sufuria yake jikoni kwa mwenzake. Aliendelea kuanika nguo.

Gülbarchyn naye akaingia sokoni, naye akamchagua Shergazi kwa sababu ya bei. Sauti ikahamia kwa mwalimu wa hisabati, kutoka hapo kwa mkunga, kutoka hapo ng'ambo ya mfereji. Mtaa ukaelewa. Hakuna aliyeshangaa. Bibi wanaokaa kwenye benchi mbele ya duka la mikate walisema hiyo ni kazi ya zamani: homa ya mtoto ilihamishiwa kwenye jiwe, jicho baya likahamishiwa mti mkavu au mbwa mweusi, na maneno yalikuwa hayo hayo. Tofauti ni kwamba ubovu wa gari haukubali jiwe. Unataka gari, tena la aina ile ile. Lawama pekee ya watu ilikuwa kwamba Shergazi hakuwaambia mapema.

Hata hivyo waliendelea kumwita. Mafundi wa kweli, wenye kununua vipuri, hawakuiweza bei yake, wakaacha kujibu. Mzee Viktor Pavlovich, fundi wa kona ya shule, alilijaza viazi lile shimo ambalo zamani alisimama ndani yake akifungua magari kwa chini. Wauza vipuri nao wakahamia kwenye vifuniko vya simu.

Majirani walianza kuchunguzana. Aliyenunua gari la aina nyingine alionekana mwerevu. Aliyesafisha gari lake ghafla aliulizwa linaumwa nini. Mkunga na mwalimu wa hisabati, waliokuwa wakipeana ufunguo wa banda la kuku, waliacha kusalimiana.

Mwishoni mwa Agosti Burulkan alikuwa akirudi kutoka sokoni na tikitimaji kwenye kiti cha nyuma. Alikanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini kama mguu ulioingia matopeni. Gari lilisimama kwa kugusa rundo la mchanga wa jirani. Pedi za breki hizo zilikuwa mpya. Viktor Pavlovich alizifunga majira ya kuchipua, kabla ya viazi. Kwa hiyo breki hizi mbovu hazikuwa zake. Zilikuwa za mtu mwingine, zimehamishiwa kwake.

Jumapili ya wiki iliyofuata alitakiwa apande njia ya mlimani ya Töö-Ashuu, avuke mlima mpaka bonde la Suusamyr, akawachukue watoto wake wawili waliokuwa malishoni kwa babu na bibi yao. Shule ilikuwa inafunguliwa. Kupanda hakumsumbui mtu. Kushuka ndiko kwenye makona yenye mashada ya maua ya plastiki ya waliokufia hapo, na watoto wangekuwa kiti cha nyuma.

Jumatatu asubuhi Gülbarchyn aligonga lango akiwa na sahani ya borsok, maandazi madogo ya moto ambayo hukaangwa ili harufu yake iwafikie marehemu.

"Kuna nini, wifi?" Burulkan aliuliza.

"Nimewakumbuka wazee wetu tu."

"Jumatatu? Si huwa Alhamisi?"

"Marehemu hawana kalenda. Pokea, yatapoa."

Burulkan akapokea. Akauliza gari la wifi linaendeleaje. Gülbarchyn alisema sasa ni zima kabisa, akaliangalia lile neno "sasa" lilivyobaki hewani, akaongeza kwamba ameacha mafuta jikoni. Burulkan alikula maandazi yote. Yalikuwa matamu, na hilo lilimkera zaidi.

Aliweka tangazo sokoni. Kutoka Kara-Balta alijibu Shergazi peke yake, na bei yake haikuwa nusu ya kitu chochote tena. Mafundi wa mji mkuu, Bishkek, walimtaka apeleke gari, na gari lisilo na breki haliendi Bishkek. Alikwenda kwa Viktor Pavlovich, akamkuta anachagua viazi vya mbegu. Mzee alimwambia kwamba spana zake amempa mpwa aliyehamia Almaty, na kwamba hata angekuwa nazo, pedi za kufunga hazipo popote. Akampa viazi kwenye mfuko. Kila mtu wiki ile alikuwa akimpa chakula.

Shergazi alifika na matawi yake. Burulkan alisimama kati yake na gari.

"Nani kaniletea ubovu huu?"

"Soko linalinda siri za wateja, dada."

"Ni wifi yangu."

"Mimi sijasema. Na ile sauti yako ya kijiko, ilikwenda kwa nani?"

Burulkan aligeuka kuutazama ukuta wa wifi yake.

"Unajua ilikokwenda," Shergazi alisema, bila ukali. "Ulinyamaza. Watu wote wazuri tu, wananyamaza."

Burulkan alimuuliza kama anaweza kuutupa ubovu mtoni, au kwenye lori la vyuma chakavu. Shergazi alimweleza kwa subira, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi, kwamba lazima liwe gari kama hili na lazima breki zake ziwe nzima, la sivyo ubovu hurudi kwa mwenyewe ukiwa na hasira. Burulkan akasema kwamba hatampa mtu mwenye watoto breki hizi. Akataka gari lisiloendeshwa.

Shergazi alifikiri, akasema lipo moja nyuma ya kiwanda cha maziwa. Mwenyewe alifariki, na warithi wanagombana. Kuhamishia mbali kunaongeza gharama.

Burulkan hakumwamini. Alivaa viatu, akaenda kwa miguu kuliona. Gari lilikuwa juu ya matofali, halina hata gurudumu moja, na kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa analalia mayai. Alilisukuma kwa bega. Halikutikisika. Alirudi akasema sawa.

Moshi ulizunguka. "Hama, hama, hama." Burulkan alikuwa ameketi ndani, mguu juu ya breki, akahisi pedali ikipanda taratibu na kumsukuma wayo, imara kama ukuta. Alimlipa Shergazi. Safari hii alimpa nyota tano, kwa sababu kazi ilikuwa imefanyika.

Jumapili alivuka mlima. Aliporudi, watoto walikuwa wamelala nyuma juu ya magunia ya jibini kavu, na kwenye kila kona breki zilishika. Alizijaribu hata pasipo na kona. Malori yaliyokuwa nyuma yalimpigia honi. Alifika nyumbani, akawaogesha watoto, akarudisha sahani ya wifi yake ikiwa na zabibu ndani, kwa sababu sahani hairudishwi tupu.

Theluji ya kwanza ilipoonekana milimani, Burulkan alikwenda kwenye mnada wa magari kutafuta matairi ya majira ya baridi. Akaliona. Warithi walikuwa wamepatana. Gari la nyuma ya kiwanda lilikuwa limeoshwa, lina magurudumu manne, na unyoya mmoja ulikuwa umenasa kwenye mkanda wa kiti. Kijana mmoja alikuwa akihesabu noti mkononi mwa muuzaji. Pembeni mke wake alikuwa amebeba mtoto aliyefungwa kwa shali.

Burulkan alisubiri muuzaji aondoke, akasogea.

"Kaka, umekanyaga breki?"

"Nimekanyaga, dada. Inaenda mpaka chini," kijana alisema kwa furaha. "Ndiyo maana nimelipata kwa bei hii. Kuna fundi sokoni mtandaoni, nyota tano. Anahamisha."

"Anahamishia kwa nani?"

"Kwa mwenye gari kama hili. Fundi ndiye anayejua."

Mke alimtazama Burulkan, kisha akautazama ufunguo wa gari mkononi mwa Burulkan, wenye nembo ile ile.

"Na wewe unalo la aina hii?"

"Nilikuwa nalo," Burulkan alisema. "Nimeuza."

"Unakaa mtaa gani, dada?" Mke aliuliza kwa upole kabisa. Mtoto alikuwa ametoa mkono nje ya shali, anashika hewa.

"Mimi ni wa Tokmok."

"Tokmok mbali," kijana alisema.

"Mbali," Burulkan alikubali, akawatakia barabara njema.

Gari lake lilikuwa limeegeshwa hapo hapo langoni mwa mnada, vioo vyake vikiwaka jua. Wale wawili walikuwa bado wanamtazama. Alitia ufunguo mfukoni, akalipita bila kuligeukia, akaenda nyumbani kwa miguu.