Mchikichi Uliosingiziwa

Mume wangu Uledi alianguka kutoka juu ya mchikichi asubuhi, na kabla ya alasiri alikuwa kaburini. Watu wa Rumonge waliokuja kuzika walisema mti umemuua. Sikumjibu mtu. Nilikuwa nimechoka, na aliyefiwa habishani na wanaomletea chakula.

Lakini ninyi mnaolea watoto wa kiume, sikieni. Uledi alipanda amelewa. Tangu arudi kutoka Usumbura, alikokwenda kubeba mizigo ya Wadachi, alikuwa haamki bila kunywa. Mikono ilitetemeka mpaka apate kibuyu cha kwanza, ndipo iweze kufunga kamba ya kupandia. Anaswali, kisha anakunywa. Anaapa, kisha anakunywa. Ramadhani moja aliacha kabisa, nikamshonea kanzu ya Idi huku naimba. Siku ya Idi yenyewe aliletwa nyumbani amebebwa, kanzu yote matope. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana naogopa.

Matanga yakaanuliwa, nikaingia eda. Mjane anakaa ndani na nguo zake nyeupe, hatoki, wala haonani na wanaume wa nje. Nikakaa nyuma ya mkeka wa mlangoni, namchungulia mwanangu Athumani kwenye tundu. Kijana wa kuoa huyo, lakini alilala barazani kutwa, amejifunika kama mgonjwa wa homa. Chikichi zikaiva, zikadondoka, panya wakala. Jirani yangu Khamisa, ambaye hutukamulia mawese, alikuja na chungu chake akarudi nacho kitupu.

"Athumani, baba, chikichi zinaoza."

"Zioze, mama. Nimkatie nani?"

Jibu hilo lilinikata maini. Kilio ningekielewa. Huyu hakuwa analia, alikuwa anajiacha tu, kama baba yake alivyoanza.

Ndipo akaja Alimasi, rafiki wa pombeni wa marehemu, pamoja na wenzake wawili. Wana shoka.

"Amahoro, shemeji! Uko ndani?"

"Nitakuwa wapi tena?"

"Tumekuja kumlipia kisasi ndugu yetu. Mti uliokula mtu hausimami. Mutoto atupe ruhusa tu, ndiye mwenye mali sasa."

Mti wenyewe ulikuwa mbele ya nyumba, umepandwa na baba mkwe, nao ndio uliozaa kuliko yote. Na mimi nilijua, kama kila mtu wa pwani hii ya ziwa ajuavyo, kwamba mchikichi ukiangushwa na kutobolewa karibu na kilele hutoa malafu, ile pombe ya mchikichi, siku nyingi. Utomvu unatiririka, watu wanakaa hapo hapo wanakunywa.

"Athumani," niliita, "usiwape!"

"Shemeji, uko eda," Alimasi akasema, akacheka. "Tuachie wanaume mambo ya wanaume."

Nilishika mkeka. Nikitoka, nitakuwa nimevunja eda mbele ya walevi, na mji mzima utajua kabla ya magharibi. Nisipotoka, mwanangu anaondoka nao. Nilisimama hapo hapo.

Athumani aliinuka barazani, mara ya kwanza siku hiyo. Akapokea shoka. "Kweli," akasema, "mti huu umeniulia baba." Akakata mara moja. Vipande vikaruka. Wakamshangilia. Akainua shoka tena, na mmoja wao akatua chungu kikubwa chini, akachomoa mirija ya kunywea.

"Mrija huu wa baba yako," Alimasi akamwambia. "Tumekuwekea. Utakaa pale alipokaa."

Shoka likashuka polepole.

"Chungu cha nini, baba Alimasi?"

"Aa! Utomvu tuumwage? Iko dhambi hiyo!"

"Mmekuja kumlipia au kunywa?"

"Vyote, mwanangu! Angekuwepo mwenyewe, angekuwa wa kwanza kuinama."

Wakacheka, na kicheko kiliniumiza kwa sababu alisema kweli. Athumani hakucheka.

"Ndiyo," akasema. "Angekuwa wa kwanza. Mti haukumwangusha. Alipanda amelewa."

Kwetu hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo kwa sauti.

"Unamtukana maiti?"

"Nasema alivyokufa."

"Basi panda wewe mwenye akili! Tuone kama hata kamba unajua kuifunga, mlala baraza!"

Akaifunga. Akapanda. Mimi nyuma ya mkeka nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni, na nyingine nachanganya. Katikati ya mti akakwama. Akakumbatia shina kama mtoto. Wale chini wakapiga miluzi. Akashuka amechubuka kifua, akaketi chini. Ruhusa ya kukata haikutoka tena, basi Alimasi akachukua shoka lake na chungu, akaondoka anaimba.

Nilidhani yamekwisha, atajifunika tena. Kulipokucha nikasikia panga juu ya mchikichi. Hakuwa amekula, hakuniaga. Mkungu wa chikichi ukaanguka kwa kishindo, moyo wangu ukaanguka nao.

"Ni mkungu, mama Athumani!" Khamisa akanipigia kelele. "Mkungu tu! Wewe huko juu, shuka, utatuua kwa hofu!"

"Bado mmoja, mama."

Siku hiyo Khamisa alichemsha, akatwanga, mawese yakatoka. Msidhani nilipiga vigelegele. Baba yake aliacha pombe Ramadhani nzima akairudia Idi, sembuse huyu wa siku moja. Ninachowaambia ni hiki: msiwafiche watoto baba yao alivyokufa. Ukisema ni mti, atauchukia mti, na chungu atakikaribisha.

Jioni Athumani akaingia, mikono imejaa miiba. Nikamwita karibu na taa niitoe. Nikainama kuliko ilivyohitajika, karibu na mdomo wake. Akatambua ninachotafuta.

"Nusa, mama," akasema. "Nusa na kesho."

Akafungua kinywa, kama mtoto anayeonyesha jino linalong'oka. Nikanusa. Kisha nikaendelea na miiba.