Kanda ya Kaka

Sifa nyingi ninazojipa ni za kweli. Redio kaseti ya zamani, ile yenye spika mbili na mpini wa kubebea, ikikwaruza au ikitoa sauti upande mmoja, niletee mimi. Mafundi wengine hukimbilia kubadilisha spika. Spika imekosa nini? Mara nyingi ugonjwa uko kwenye swichi ya kurekodi, kijiti kirefu kilichojificha kwenye bodi. Kikishika kutu, sauti inakatika hata kama hurekodi chochote. Unafungua, unapulizia dawa, unakisukuma mbele na nyuma mara ishirini, mgonjwa anaamka.

Kwa hiyo shemeji yangu, mke wa marehemu kaka, aliponiletea redio yao, niliipokea kwa mbwembwe.

"Shemeji, hii kesho tu inaimba."

"Isiimbe. Iseme," akanijibu.

Ndani mlikuwa na kanda. Kaka aliirekodi siku moja kabla ya upasuaji uliomwondoa, akizungumza na mtoto ambaye bado alikuwa tumboni. Aliacha agizo moja: mtoto mwenyewe awe wa kwanza kuisikia, akishakuwa mtu mzima.

"Mimi sijasikia hata neno," shemeji alisema. "Jumamosi anatimiza miaka ishirini. Wewe jaribu redio kwa kanda zako, hii usiicheze."

"Hilo nalo la kuniambia mimi?"

Kijino cha plastiki nyuma ya kanda kilikuwa kimevunjwa, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Kaka alikuwa mwangalifu kuliko mimi.

Kanda ya majaribio ninayo, na kweli nilianza nayo. Lakini hamu ikanishika. Nikajiambia niweke ya kaka kidogo tu, nihakikishe. Nikaiweka. Kaka akakohoa, akaanza kusema. Spika ya kushoto ilikuwa safi, ya kulia ikikwaruza. Nikalaza sikio kwenye ile ya kulia, nikaufuatilia mkwaruzo mpaka kanda ikafika mwisho. Maneno nitayasikiliza redio ikipona, nikajisemea. Nikairudisha mwanzo.

Hapo nikafanya kosa ambalo fundi peke yake anaweza kulifanya. Mtu wa kawaida angebonyeza kitufe cha kurekodi, na kwa sababu ya kile kijino kilichovunjwa kitufe kingegoma. Mimi kitufe sikukigusa. Niliisukuma swichi yenyewe kwenye bodi, kwa kidole, huku kanda ikizunguka, na springi ya kuirudisha nilikuwa nimeshaichomoa isinisumbue. Swichi ikabaki upande wa kurekodi. Mkwaruzo ukanyamaza kabisa, na sauti ya kaka pamoja nao, ila masikio yangu yalikuwa kwenye mkwaruzo tu. Nikafurahi. Nikamwita kinyozi wa mlango wa pili, tukapiga soga huku nikisafisha vitufe.

Nilipoirudisha swichi mahali pake, nikaipeleka kanda mwanzo na kuicheza, spika zote mbili zilitoa sauti safi kabisa, na sauti ile ilikuwa yangu. "Mafundi wako wengi," nilikuwa namwambia kinyozi, "lakini mkono wangu hauna mwenzake." Kinyozi alikuwa anacheka. Niliicheza yote. Kaka hakuwemo popote.

Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nalijua. Ningekwenda siku ile ile kwa shemeji nikasema. Badala yake nilifunga mlango, nikachomoa waya wa maiki iliyomo ndani ya redio, nikaisukuma ile swichi kwa kusudi, nikajifuta. Kosa la kwanza lilikuwa bahati mbaya. La pili lilikuwa mimi.

Jumamosi tulikaa watatu sebuleni. Binti alibonyeza, akasubiri. Ulitoka ukimya. Akageuza kanda, akarudisha, akaongeza sauti mpaka mwisho.

"Kanda zikikaa sana huharibika," nikasema. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

"Si nilikwambia tangu nina miaka kumi, mama?" binti akafoka. "Nilikuomba! Ukaifungia kabatini kama nguo!"

"Alisema ukue kwanza, mwanangu."

"Sasa nimekua. Iko wapi?"

Shemeji aliinamisha kichwa, akaanza kujilaumu kwa sauti ndogo: kabati lina unyevu, angeifunga kwa nailoni, angetafuta fundi mapema. Kisha akanigeukia mimi. "Utusamehe, shemeji. Na wewe alikuwa ndugu yako."

Hiyo sikuiweza.

"Kanda haikuoza," nikasema. "Ilikuwa nzima. Niliicheza, nikaifuta kwa bahati mbaya, kisha nikaficha."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayataka. Shemeji alijifunika uso kwa kanga. Binti ndiye aliyesogea, akavuta stuli mpaka magoti yake yakakaribia yangu.

"Baba mdogo, uliicheza kabla haijafutika?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

Hasira ilikuwa imemtoka usoni, na afadhali ingebaki. Alinishika mkono.

"Basi niambie alichosema."

Nikatafuta. Nilikumbuka kikohozi. Nilikumbuka kwamba upande wa kulia ulikatika mara tatu, na mara ya tatu ulichelewa kurudi. Nikatafuta neno, hata moja, hata jina alilomwitia. Alikuwa ananitazama mdomoni.

"Nilikuwa nasikiliza redio," nikamwambia. "Yeye sikumsikiliza."