Programu Isiyojua Shikamoo

Nikishaipima programu mimi, haina haja ya kupimwa tena. Niliyasema hayo mbele ya watu watatu, nimeegemea meza, na hakuna aliyecheka. Katika ofisi ya shangazi kucheka kulihitaji nguvu, na nguvu zilikwisha zamani.

Shangazi anahifadhi tovuti za watu pamoja na anwani zao za barua pepe: chumba kimoja juu ya duka la viatu, waya hadi chini ya mlango, na simu inayolia kama mtoto mwenye homa. Programu yetu ya barua ilizeeka. Walioitengeneza waliitelekeza, na kila wiki ilikwama. Tukabaki na mbili za kuchagua. Ya kwanza haina sura: unaiandikia amri, unaiacha, inafanya kazi. Ndiyo aliyoipenda fundi wetu, tunayemwita Bwana Kimya kwa sababu huongea kama anayekatwa kodi kwa kila neno. Ya pili ina vitufe, kalenda na rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo yangu. Macho hayana pazia.

"Usinichagulie rangi," shangazi alisema, akisugua paji la uso. "Zipime zote mbili. Barua thelathini kila moja, za aina wanazoandikiwa wateja wetu. Mteja mkubwa akituhama, wengine watamfuata, na mimi sina pa kuanzia tena."

Barua ya kwanza niliitunga kwa Kiingereza, nikidhani ndiyo lugha ambayo kompyuta iliinyonya kwa mama yake. Ya pili nikanakili ya kwanza. Ya tatu nikanakili ya pili, huku napiga miayo. Zote thelathini zikafika. Ile isiyo na sura sikuifungua kabisa.

Nikamwambia shangazi ya zambarau imeshinda, na Jumatatu tukamhamishia huko mteja wetu mkubwa, mchapishaji wa kadi za harusi. Alhamisi akapanda ngazi mwenyewe, akakaa kabla ya kukaribishwa.

"Siku tatu sijapata oda hata moja," alisema akihema. "Watu wameacha kuoana?"

"Labda wamepata akili, mzee," nikasema.

Fundi akavuta kiti, akafungua folda ya barua taka. Zilikuwamo zote, zimelundikana. *Habari za kazi, tunaomba kadi mia mbili. Shikamoo mzee, jina la bibi harusi limekosewa.* Akasoma mipangilio, akatikisa kichwa.

"Imekuja hivi kutoka kwa walioiunda. Barua isiyo ya Kiingereza inaihesabu takataka."

"Yaani shikamoo ni takataka," mchapishaji akasema polepole. "Na huyo bibi harusi anaolewa keshokutwa."

"Mzee wangu, usituhame," shangazi akasema. "Nitakupa ukweli wote." Akanigeukia. "Uliipima kwa Kiswahili?"

Neno "hapana" ni fupi, lakini siku hiyo lilinishinda kulibeba.

"Sana, Shangazi. Salamu, oda, malalamiko. Hata methali nilitia. Labda imeharibika baadaye."

Shangazi akashusha pumzi. "Umesikia, mzee. Tuliipima. Mimi naapa kwa..."

"Mama, usiape."

Ni binti yake, binamu yangu, anayepokea simu pale kwenye kona. Alikuwa ameziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Barua zake zote alinitumia mimi, kwenye anwani ya ofisi. Thelathini, neno kwa neno ni ileile. Kiswahili hakikuwamo hata cha kuombea maji."

"Zilisema nini?" shangazi akauliza.

Binamu akanitazama bila chuki, kwa uchovu tu.

"Zilisema kazi hii ni ya punda, na programu ameshachagua."

Shangazi hakunigombeza. Alimwambia fundi amfungashie mzee barua zake, ahame nazo.