Vidungwi wa Chumba cha Pasi

Mama Kola alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya shuka la hoteli, akalaza pasi. Mvuke ukapanda hadi darini, ukakosa pa kutokea, ukarudi chini. Jina la Mama Kola alipewa kwa sababu hakuna kola iliyowahi kumshinda. Mtoto hakuwa naye. Kwenye meza ya pili alisimama mdogo wake, mjamzito kwa mara ya tatu. Mimba mbili za kwanza ziliharibikia humo humo, msimu wa joto. Daktari alisema ni joto. Mama Kola alisema ni joto. Tajiri, mwenye kiwanda cha kufulia, alisema ni mipango ya Mungu.

Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao. Zamani yalifunguliwa kila asubuhi, lakini tangu mvua zianze kususa, upepo ulikuja na vumbi jekundu, na vumbi lile lilipenda shuka jeupe kuliko kitu kingine chochote.

"Ama madirisha, ama kazi," alisema Tajiri, na fundi akaja na misumari.

Walioanza kubadilika ni vidungwi. Kidungwi ni mkubwa kuliko panya, mdogo kuliko paka, na ana uso wa mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Waliishi ndani ya kuta za chumba cha pasi tangu enzi ambazo asubuhi zilikuwa na ukungu, na enzi hizo manyoya yao yalikuwa mazito kama blanketi. Kwa kuwa huzaa upesi na kukua upesi, mpiga pasi yeyote mwenye macho aliweza kuwaona wakibadilika. Kwanza manyoya yalipukutika. Kisha miguu ikarefuka, ili matumbo yasiguse sakafu. Lakini joto lilikwenda mbio kuliko wao. Matumbo yakaungua hata hivyo, wakawa wanajilaza ubavu chini ya meza, ndimi nje, wakihema.

"Hawa ndio mashahidi wetu," alisema Mama Kola.

"Shahidi gani asiyesema?" aliuliza Babu Marinda, mzee aliyepiga pasi sketi na suruali.

"Ndiyo maana ataaminiwa. Sisi tunaosema tumeshaambiwa tuna midomo."

Alimfuata Tajiri ofisini, akasimama chini ya feni. Tajiri alikuwa mtu wa huruma. Alimlisha kasuku wake kwa mkono. Habari ya wanyama kuungua matumbo ilimgusa.

"Hilo halifai kabisa," alisema. "Nitakuja nijionee mwenyewe. Na kama ni kweli, mbao tutazing'oa."

"Lini, Tajiri?"

"Nikipata nafasi, mama."

Nafasi ilichelewa. Mama Kola akawa hatulii. Alipiga pasi akitazama mlango, akaunguza foronya, akaweka pasi chini, akaenda kumgusa mdogo wake shingo, akarudi.

"Dada, hebu tulia. Unanitia kizunguzungu kuliko hilo joto."

"Kunywa maji."

"Nimekunywa mpaka nataka kuelea."

Na kwa kuwa wapiga pasi hawakuwa na moyo wa jiwe, kila walipopuliza maji kwenye nguo walipuliza na mafunda mawili matatu chini ya meza. Hapo ndipo walipokosea. Kidungwi mwenye masikio madogo alipata matone machache, akafa. Mwenye masikio mapana aliyatandaza, akayakinga maji, akaishi, akazaa. Watoto wake walikuja na masikio kama visahani. Wajukuu, kama sahani za wali. Kisha wakajifunza kuyapepea.

Siku Tajiri alipopata nafasi, aliwakuta vidungwi wamejipanga ukutani, wanene, wakipepeana kwa zamu.

"Mbona wamenawiri?"

"Walikuwa wanaungua, Tajiri," alisema Mama Kola.

"Walikuwa." Tajiri alichuchumaa. Kidungwi mmoja akampepea usoni, naye akafumba macho kidogo. "Mnaona hawa? Hawakuja ofisini kulalamika. Wamejirekebisha. Na nyinyi mmewazidi akili."

"Mimi masikio yangu yamekua urefu tu, Tajiri," alisema Babu Marinda. "Upana yamekataa."

Watu wakacheka. Tajiri pia alicheka, akaondoka, na mbao zikabaki.

Mchana huo huo Mama Kola aling'oa ubao mmoja kwa ncha ya mkasi. Vumbi likaingia, likalala juu ya mashuka ya hospitali. Kabla wenzake hawajamaliza kula, ubao ulikuwa umerudi mahali pake, na misumari imeongezwa.

Basi akasogeza meza yake, akakaa kati ya mdogo wake na tanuri la mvuke lililowaka kutwa kwenye kona ya chumba. Vidungwi nao wakahamia miguuni pa mjamzito, wakampepea. Walimpepea msimu mzima. Mimba hiyo haikuharibika.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye afya. Masikio yake yalikuwa mapana na membamba, mishipa ikionekana, na yalianza kupepea kabla hajalia. Mkunga aliyakunja vizuri ndani ya khanga.

"Huyu mtamkunja kila mkimvisha," alisema, akaenda kwa mzazi mwingine.

Tajiri alikuja nyumbani kwao na mche wa sabuni, kumwona mtoto. Alikaa kwenye kiti pekee cha chumba kile, akainama juu ya kitanda, na nywele zake zikapeperuka.

"Huyu ni wetu kabisa," alisema kwa furaha. Akatoa simu, akamwita seremala, akaagiza meza ya pasi, iwekwe kando ya tanuri, pale ambapo hakuna mtu aliyewahi kudumu. "Haina haraka," alimwambia. "Lakini mbao iwe nzuri."

"Ahsante, Tajiri," alisema mdogo mtu, kwa kuwa kazi ni kazi.

Mama Kola alikaa ukingoni mwa kitanda, akasimama, akakaa tena. Mwishowe alimchukua mtoto, akamweka begani, akazunguka naye chumba kizima. Masikio yalimpepea shingoni. Ulikuwa upepo mzuri, na kila alipokusudia kumlaza mtoto, alijikuta anazunguka tena.