Namba ya Mizani

Kule kambini, kwenye mashamba ya chai, jina lilikuwa la kanisani na la kitambulisho. Kazini mtu alikuwa namba. Karani wa mizani alipaza sauti, "Tatu moja mbili sita!" na Drusilla akajibu, "Niko!" akaning'iniza kapu lake la majani chai. Binti yake Velma aliijibu namba hiyo kabla hajajua kuandika jina lake mwenyewe, siku alizotumwa kusimama foleni mama akimalizia mstari wake wa kuchuma. Wanawake wakigombana kwenye bomba la maji walitukanana kwa namba. Hata msiba ukitokea, ulitajiwa namba, na ukajua unayemlilia.

Daktari Chelimo hakuyajua haya. Alikuwa mama mwenye moyo mzuri, mzaliwa wa Chebunyo, kwenye ng'ombe na mahindi, na chai aliifahamu ikiwa kwenye kikombe. Kila likizo ndefu alichukua wanafunzi wa vyuo, watoto wa watu wasiojulikana na mtu, akawafundisha utafiti wa Ukimwi kwa miezi mitatu. Mwaka huu waliomba zaidi ya mia mbili, akachagua wanane. Velma, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alikuwa mmoja wao, na mama yake alipopata habari alizunguka laini nzima ya nyumba za wafanyakazi akitangaza kama vile binti ameolewa na gavana.

Siku ya kwanza Daktari alimpa faili ya zahanati moja ya mashamba ya chai upande wa Kimulot. Ilionyesha kila mgonjwa na tarehe alizochukua dawa za ARV, na tarehe alizokosa.

"Tafuta ni kwa nini wanaacha," alisema. "Majina nimetoa yote. Hizi ni namba tu, hakuna mtu anaweza kujua ni nani."

Velma aliangalia ukurasa wa kwanza. Moja nne sifuri nane alikuwa sauti ya tatu kwenye kwaya yao. Mbili saba tisa moja alikuwa na mtoto aliyesoma darasa moja na Velma zamani. Zahanati ilikuwa ya mashamba yao, na ilikuwa imewaandikisha wafanyakazi kwa namba zao za mizani.

Hapo ndipo alipaswa kufungua mdomo. Sentensi moja tu ingetosha: Daktari, hizi namba ni watu ninaowajua. Lakini asubuhi ile ile alikuwa ametia sahihi karatasi ya kutunza siri, na waliambiwa kwamba anayefahamiana na wagonjwa wa faili yake atoe taarifa na aondolewe. Aondolewe! Arudi kambini siku ya kwanza, baada ya mama kutangaza vile? Velma alinyamaza. Tusimhukumu haraka, ingawa mimi mwenyewe nimejaribu kumsamehe na nimeshindwa.

Tangu hapo alifunika safu ya namba kwa karatasi, akasoma tarehe tu, na wiki ya pili aliona jambo. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wakiacha dawa mwezi wa nne, wa nane na wa kumi na mbili, kila mwaka. Alikaa na miezi hiyo siku mbili nzima kabla haijamjia: ni likizo za shule. Watoto wakirudi kutoka bweni, chumba ni kimoja, kitanda kimetengwa kwa leso, na hakuna pa kuficha kopo la vidonge. Mama anaiacha dawa mpaka mtoto arudi shule.

"Velma!" Daktari alipiga meza kwa furaha. "Hii ni kitu kubwa. Miaka kumi sijawahi kuiona."

Velma alirudi kwenye faili na kichwa kikubwa, akaondoa ile karatasi, akafika mstari wa tisa. Tatu moja mbili sita. Alianza kukosa mwaka wa elfu mbili kumi na nane, mwaka ambao Velma aliingia kidato cha kwanza. Mwaka wa korona, shule zilipofungwa, alikosa miezi tisa mfululizo. Mwaka huu alikuwa amekosa tangu mwezi wa tano, na mwezi wa tano Velma alirudi nyumbani na begi lake ili afanye utafiti huu.

Alifunga faili. Alikumbuka kikohozi alichokuwa akikisikia nyuma ya leso, na jinsi alivyokuwa akimwambia mama anywe tangawizi. Alikumbuka mwaka wa korona, alivyofurahi kukaa na mama yake siku zote zile.

Kumwambia mama hakuweza. Siri ilikuwa ya mama, na yeye hakuwa ameambiwa. Akafanya moja lililokuwa ndani ya uwezo wake. Alihamia mjini Kericho, kwenye chumba cha rafiki yake Nelvine.

"Sasa nyumba yetu imekuwa ndogo?" Drusilla aliuliza akikunja blanketi la binti yake. "Ama harufu ya moshi itakuharibia kazi ya madaktari?"

"Mama, ni mbali tu na ofisi."

"Sawa. Enda, mwanangu."

Maneno hayo yalimkata, lakini alikwenda. Wiki ya tatu zahanati ilileta orodha mpya, na Velma akateremsha kidole polepole hadi mstari wa tisa. Amechukua dawa. Jioni alilia kwa furaha mpaka Nelvine akadhani amefiwa.

Basi ikafika siku ya kufunga mradi, katika ukumbi mdogo mjini, wazazi wakiwa wamealikwa. Katika kazi yake Velma alikuwa ameondoa namba zote akaweka herufi. Asubuhi hiyo Daktari alimwambia, huku akifunga nyaya za kompyuta, "Zile herufi zilikuwa zinachanganya watu. Nimerudisha namba."

Velma aliacha viti alivyokuwa akipanga.

"Kuna shida?"

Mama alikuwa amesema hatakuja. Majani yalikuwa mengi, na nyapara hatoi ruhusa siku ya kuchuma. Wageni wengine walikuwa watu wa mji, na kwao namba ni namba.

"Hapana, Daktari," alisema Velma.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wakieleza kazi zao mlango ulipofunguliwa. Drusilla aliingia akiwa amevaa kitambaa chake cha kichwa cha Pasaka, na nyuma yake jirani yao Marcella na wanawake wengine wanne wa laini, wote wamechuma tangu alfajiri ili wapewe ruhusa. Walikaa nyuma. Drusilla alimpungia binti yake mkono, kisha joto la ukumbi na uchovu vikamshinda, kichwa kikaanza kuinama.

Zamu yake ilipofika, Velma alimsogelea Daktari na kumshika mkono. "Daktari, tafadhali, subiri kidogo..."

"Usiogope," Daktari alimnong'oneza akitabasamu. "Mimi nitaanza." Akachukua kipaza sauti, na kwa sababu ya wazazi akaacha Kiingereza. "Tuchukue mmoja wa hawa wagonjwa tuone. Tatu moja mbili sita."

"Niko!"

Drusilla alikuwa amesimama kabla hajaamka vizuri, mkono mmoja nyuma ukitafuta kapu. Ukumbi ulicheka. Marcella alicheka kuliko wote, akampiga mgongoni, "Mama Velma, hapa si kwa mizani!" Drusilla naye akacheka, akiwa bado wima.

Daktari alingoja kicheko kiishe. Hakuelewa kilichotokea, alidhani ni mzazi aliyeota. Akaendelea kwa sauti yake ya upole, "Huyu mama ana virusi vya Ukimwi. Na kila mtoto wake akirudi nyumbani, anaacha dawa."

Wanawake wanne walitazama namba iliyomulikwa ukutani, wakaisoma moja moja. Mkono wa Marcella ulikuwa bado mgongoni mwa Drusilla. Aliuondoa, akauweka mapajani.

Drusilla hakukaa. Aliangalia ukuta, akamwangalia Daktari, mwisho akamwangalia binti yake aliyesimama mbele na kipaza sauti cha pili mkononi.

"Velma," alisema, "kwa hivyo ulihama ili uje uniseme huku?"