Sentimita Saba kwa Saa

Jumanne ya kwanza ya Machi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Gerlinde Popp alipiga magoti katika tope la shamba la Reinhard Zeh, akalaza utepe wa kupimia kando ya jiwe la mpaka nambari 114, akasubiri. Ilipofika saa nne na dakika kumi, jiwe lilikuwa limesogea sentimita saba. Akaandika. Kipimo kilikuwa kilekile cha mwaka jana, na cha mwaka uliotangulia.

Zeh alipita na trekta, akapunguza mwendo.

"Vipi, leo yana haraka?"

"Mwendo uleule."

"Yaambie basi yapite kwenye nafasi. Mwaka jana yalinilalia shayiri safu nzima."

"Yaambie mwenyewe," Gerlinde alisema. "Si shamba lako?"

Zeh alicheka, akaongeza moto, akaenda zake.

Krummengrund iko katika bonde la kijito cha Weidel, kaskazini mwa Bavaria, mita 318 kutoka usawa wa bahari. Ina wakazi 264, kanisa moja, baa moja na mawe ya mpaka 211. Mawe 207 hukaa yalipopandwa. Manne, nambari 114 hadi 117, huondoka ukingoni mwa kijito tarehe mosi Machi, hukata shamba la Zeh kuelekea mashariki usiku na mchana, na baada ya mita themanini husimama, katikati ya Aprili, katika mstari ulionyooka. Jumapili hayapumziki. Mchungaji mmoja aliwahi kulilalamikia hilo, kisha akahamishiwa parokia nyingine kwa sababu zisizohusiana. Wiki inayofuata mawe hung'olewa, hupakiwa kwenye tela na kurudishwa kijitoni. Kazi huchukua asubuhi moja, na Zeh hutoa bia na soseji.

Wanaoyarudisha ni wale Saba. Tangu kale kila kijiji cha huko kina watu saba walioapishwa kulinda mipaka. Wao ndio wanaopanda mawe, na chini ya kila jiwe huzika alama za udongo wa kuchomwa, zilizopangwa kwa namna ambayo hawamwambii mtu, hata mke, mpaka kaburini. Jiwe linaweza kuhamishwa na mwizi. Alama mwizi hazijui. Gerlinde, aliyechora ramani katika ofisi ya ardhi ya wilaya kwa miaka thelathini na minane, aliapishwa baada ya kustaafu, akawa mwanamke wa kwanza kati ya Saba wa Krummengrund.

Mwaka huo kijiji kilikuwa kinatimiza miaka 750 tangu kutajwa mara ya kwanza katika maandishi, na kitabu kilikuwa kinatengenezwa. Gerlinde alipewa sura ya kwanza, "Jiografia na Historia ya Kijiji." Zeh, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, alimwomba iwe fupi.

Aprili 17 alikuja mgeni, mwanamke wa miaka sabini aitwaye Mirta Sosa, kutoka Montevideo. Alikuwa amesoma tangazo la kitabu, akamwandikia Gerlinde barua. Mama yake, Ilse, alizaliwa Krummengrund, binti wa muuza ng'ombe Leopold Gutmann. Mirta alizungumza Kijerumani kwa lafudhi ya zamani ya bondeni, ambayo siku hizi ilikuwa imebaki kinywani mwa mtu mmoja tu, Alwin Kropf, kiongozi wa Saba, mwenye miaka themanini na minne.

Gerlinde alimpeleka shambani. Mawe matatu yalikuwa yamekwisha kusimama. La nne, nambari 117, lilibakiza upana wa kiganja. Walisimama wakalisubiri.

"Mama alisema malisho yetu yalifika hadi hapo penye mteremko," Mirta alisema. "Ng'ombe walikunywa kijitoni bila kuvuka ardhi ya mtu."

"Ni kweli."

"Umejuaje?"

Gerlinde alitazama jiwe. "Najua," alisema. "Zaidi ya hapo nimefungwa mdomo."

 Jiwe lilipotulia, Mirta alilipigapiga kichwani kama mtu anavyompigapiga ndama.

"Shamba silitaki," alisema. "Nitalima nini, na magoti haya? Nataka jina la babu liwe kwenye kitabu. Kwamba hapa palikuwa pa Leopold Gutmann. Sentensi moja."

"Utaipata," Gerlinde alisema.

Waliingia baa, wakala keki ya jibini, na Mirta akapanda basi la saa tisa na nusu.

Gerlinde aliandika sentensi nne. Ya kwanza ilisema kwamba mawe 114 hadi 117 hutembea. Ya pili ilitaja mwendo na mwelekeo. Ya tatu ilisema kwamba kipande kilicho kati ya mstari yanapoishia na kijito kilikuwa cha Leopold Gutmann hadi Novemba 1938, alipotia saini hati ya mauzo akiwa kizuizini pamoja na Wayahudi wengine, na kwamba yeye na mkewe walichukuliwa mwaka 1942, hawakurudi. Ya nne ilisema kwamba mwaka 1939 mawe yalihamishiwa kijitoni na Saba wa wakati huo, akiwemo babu yake mwenyewe, Konrad Popp.

Halmashauri ya kijiji ilikutana Alhamisi jioni, ghorofani juu ya baa. Saba walialikwa. Zeh alisoma sura kwa sauti, akaweka karatasi mezani.

"Mbili za kwanza sina neno nazo," alisema. "Mawe yanatembea, nani asiyejua? Wageni watapenda. Hizi mbili za mwisho, dada Gerlinde, umezitoa wapi?"

"Kwenye ardhi."

"Ardhi haina mdomo. Ramani ziko wapi?"

"Ziliungua pamoja na ofisi, mwaka arobaini na tano. Unajua."

"Basi huna kitu."

"Mawe yenyewe yanaenda kule, Reinhard."

"Jiwe likitembea linakuwa shahidi? Na paka wangu naye anatembea, nimlete?" Watu walicheka. Zeh aliwaacha wamalize. "Au una alama? Kama unazo, zitaje hapa, mbele ya wote. Si uliapa juzijuzi tu?"

Gerlinde alimtazama Alwin Kropf. Alwin alikuwa anatazama glasi yake.

Kisha Gerlinde alizitaja. Alisema vipande ni vingapi, vina umbo gani, kipi kimelala na kipi kimesimama, na kimeelekea wapi. Alisema vyote vimo chini ya mstari wa mashariki, mita themanini kutoka kijitoni, na kwamba chini ya mawe yanaporudishwa kila mwaka hakuna kitu ila changarawe. Watu waliacha kunywa.

"Mzee Alwin," Zeh alisema hatimaye. "Ndivyo?"

"Ndivyo," Alwin alisema. "Baba aliniambia. Mawe waliyahamisha. Alama hawakuzigusa. Kuzigusa ni kuvunja kiapo, na wale walikuwa watu wa kiapo." Akasukuma glasi kando. "Wewe lakini umekivunja, mwanangu. Watu ishirini wamesikia."

"Nimekivunja."

"Basi unajua."

Gerlinde alifungua begi lake, akatoa beji ya Saba na utepe wa kupimia wa kijiji, akaviweka mezani. Utepe ulikuwa wa chuma, na ulijikunja wenyewe.

Halmashauri ilipiga kura mbili. Kwa kura ya kwanza, iliagiza Saba, ambao sasa walikuwa sita, wabadilishe mpangilio wa alama katika mipaka yote ya kijiji, kwa kuwa siri ilikuwa imetoka. Mstari wa mashariki haukuhesabiwa, kwa kuwa si mpaka. Kwa kura ya pili, ilipitisha sura ya kwanza baada ya marekebisho.

Kitabu kilitoka Juni. Kina jalada gumu na picha ya kanisa. Gerlinde alituma nakala moja Montevideo, na ndani yake, kwenye ukurasa wa tisa, akaandika kwa kalamu sentensi mbili ambazo hazikuchapwa. Nakala nyingine mia tano zinasomeka hivi: "Mawe manne ya mpaka, nambari 114 hadi 117, hutembea kuelekea mashariki kila mwaka kuanzia tarehe mosi Machi, kwa mwendo wa sentimita saba kwa saa. Sababu haijulikani."

Tarehe mosi Machi iliyofuata Gerlinde alikwenda shambani na utepe alioununua mwenyewe dukani. Saa tatu na dakika kumi aliulaza kando ya jiwe nambari 114, na saa moja baadaye akausoma. Zeh alipita na trekta, akapunguza mwendo.

"Vipi?" aliuliza.

"Saba," Gerlinde alisema.

Zeh alitikisa kichwa kukubali, akalikwepa jiwe, akaendelea kupanda.