Jina kwenye Ukurasa wa Shukrani

Sina wa kumlaumu. Ni mimi mwenyewe na kimbelembele changu.

Huku kwetu Lubumbashi, mwanafunzi akimaliza mémoire yake, ile tasnifu ya kumalizia chuo, ukurasa wa kwanza ni wa shukrani, na humo hasahauliwi mtu. Msahau shangazi mmoja tu uone: siku ya sherehe hatagusa chakula chako. Basi mimi Benita, niliyepima maji machafu yanayotoka kwenye kiwanda kimoja cha hapa mjini na kuingia mtoni, niliwaandika wote. Na katikati yao nikaandika: "Kwa tonton Kalaba, mdogo wa mama yangu, mlinzi, sentinelle wa mlango wa pili wa kiwanda, aliyenifungulia mara sita nichote maji kwenye bomba la maji machafu." Kwa jina kamili, jamani!

Mémoire hiyo ingebaki kwenye kabati la maktaba ikiliwa na mende, nisingekuwa na shida. Lakini nilikuwa na hasira. Makala niliyoitoa humo ilifungiwa na jarida moja la ng'ambo: ukitaka kusoma, lipa kwanza. Wamama wanaofua kwenye mto ule walipe dola kusoma habari za maji yao wenyewe? Thubutu! Nikaiweka mémoire nzima kwenye hazina ya wazi mtandaoni, nikaiunganisha na kile kitufe kipya cha simu: mtu akikwama kwenye makala ya kulipia, anabonyeza, kinamtafutia nakala ya bure. Siku nne, wasomaji mia tatu. Nilicheza peke yangu jikoni.

Jana ukaingia ujumbe kutoka maabara ya kiwanda chenyewe. "Asante kwa kazi yako. Tumeisoma yote, hata shukrani."

Hata shukrani. Neno la siri nilikosea mara tatu. Nikafuta jina, nikaandika "mlinzi mmoja", nikapandisha nakala mpya mahali pa ile ya zamani. Leo, misa haijaisha vizuri, nikakimbilia mtaa wa Makomeno kwa tonton.

Nilimkuta akipiga pasi shati jeupe. Ukutani, chini ya picha ya ndoa yake, alikuwa amebandika ukurasa wangu, ule wa zamani. Alikuwa ameuchapisha kwa Djo, mwenye mashine ya fotokopi.

"Aba, mutoto ya dada! Chef ananiita kesho lundi asubui kwa bureau yake," alisema, uso wote unacheka. "Hata bo ba kiwanda baliona! Miaka kumi na kenda niko pale, hakuna muntu aliandika jina yangu fasi yoyote. Nitaenda na hii karatasi."

"Tonton, usiende nayo. Hawakuiti kukupongeza."

Nikamweleza yote, ule ujumbe, na kwamba hakuwa na ruhusa ya kumfungulia mtu mlango ule. Aliisimamisha pasi wima. Kicheko kilimtoka polepole, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Lakini nimeshalifuta jina lako," nikasema harakaharaka. "Ukifungua sasa, hulioni tena."

"Na bale ba kiwanda?"

"Wao walishapakua ile ya kwanza. Wanayo."

Akautazama ule ukurasa ukutani.

"Basi uliifutia nani?" akauliza. "Sasa bantu bote habajue kama nilikusaidia. Benye kujua ni bale tu benye kunifukuza."

Nililia pale pale mbele yake, kama mtoto. "Nilitaka kukuficha, tonton. Naogopa."

"Hata mie niko naogopa. Niko na batoto bane." Akaichukua tena pasi. "Rudisha jina yangu, Benita. Kama banifukuze, banifukuze mbele ya bantu."

Nikatoa simu. Neno la siri nilikosea mara mbili, na yeye akaendelea kunyoosha kola ya shati.